Mnyororo Ulilia

Pete ya mnyororo iliyokatika haikukatwa na mtu. Hilo lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa kubana kwenye karatasi ya mwalimu wa vyuma wa chuo cha ufundi, na Inspekta alilisoma akiwa amesimama jikoni kwake, kikombe cha chai mkono wa kushoto, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo.

"Pete imevutika hadi ikawa nyembamba, ndipo ikaachia. Hakuna alama ya msumeno. Mnyororo wa pili, uliobaki mzima, tumeuvuta kwenye mashine. Umekatika ulipofika tani nne na nusu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika ishirini. Saa nane mchana mfungaji mizigo wa karakana ya matangi angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kumuua shemeji yake, na hapo faili lingetoka mikononi mwa Inspekta. Saa kumi shemeji mwenyewe angezikwa.

Ukiieleza haraka haraka, kesi ilikuwa nyepesi. Siku tatu nyuma, tangi la chuma la tani tatu lilikuwa likinyanyuliwa kupakiwa kwenye lori, likining'inia kwenye minyororo miwili. Mmoja ukakatika. Tangi likamwangukia mchomeleaji aliyekuwa akipita chini yake, akafa palepale. Siku moja kabla ya hapo mfungaji mizigo, ambaye kazini walimwita Kifundo, alikuwa amegombana naye mbele ya watu na kumwambia, "Iko siku chuma kitakunyoosha." Kwenye sanduku lake la vifaa ukapatikana msumeno wa chuma, meno yake yamejaa unga wa chuma. Ugomvi, kitisho, msumeno. Mwendesha mashtaka hakuhitaji kingine.

Ila sasa msumeno umetoka. Na tani hazikubali. Tangi tani tatu, minyororo miwili, kila mmoja umebeba moja na nusu. Nani aliuvuta huo mnyororo kwa tani nne na nusu?

"Mama, kikombe chako kiko juu ya vekta zangu."

Binti yake wa kidato cha pili alikuwa amelivuta daftari lake kutoka chini ya kikombe, akilifuta kwa kiwiko.

"Juu ya nini?"

"Vekta. Tuna jaribio leo."

"Leo ndiyo unasoma? Jana ulikuwa unafanya nini?"

"Jana nilikuwa nakusubiri urudi unisaidie."

Inspekta alimeza chai. "Haya, uliza."

"Mtu katembea mita tatu kwenda mashariki, halafu mita nne kwenda kaskazini. Yuko umbali gani na pale alipoanzia?"

"Saba."

"Tano."

"Tatu na nne zikawa tano? Nani kakufundisha, kuku?"

"Miguu yake imetembea saba, ndiyo. Hiyo ni skala, ina ukubwa tu, haiulizi ulielekea wapi. Lakini yeye mwenyewe kasogea tano, kwa sababu alikata kona. Vekta ina ukubwa na ina mwelekeo. Ukigeuza mwelekeo, jibu linageuka, hata kama namba ni zilezile."

"Na kilo je?"

"Uzito wa dukani ule, kilo kumi za unga, hiyo skala. Ila kuvuta, kusukuma, nguvu yoyote, hiyo vekta. Mwalimu alisema watu wawili wakivuta gari bovu kwa kamba, mmoja akivutia huku na mwenzake kule, wanachoka bure. Nguvu zao hazijumlishwi kama maembe."

Kikombe kilibaki hewani.

"Rudia hiyo ya mwisho."

"Hazijumlishwi kama maembe?"

"Nichoree. Watu wawili, mzigo katikati, wamesimama mbalimbali."

Binti alichora kwa rula, akaandika namba pembeni mwa mistari. Inspekta alisoma kwa dakika nzima, kisha akachana ukurasa.

"Mama! Daftari la shule hilo!"

"Mwambie mwalimu ni kielelezo cha polisi."

"Hataamini. Na kiatu chako kiko chini ya kochi."

*

Kituoni, kwenye benchi la nje, mjane alikuwa ameshafika. Alikuwa dada wa Kifundo, tumbo moja, na sasa alikaa ameupa mgongo mlango wa mahabusu.

"Dada, umekuja mapema," Inspekta alisema.

"Nimekuja nimwone akipelekwa. Nikishamwona, nakwenda kumzika mume wangu."

"Ungekaa ndani, jua kali."

"Ndani yupo yeye."

Inspekta hakubishana. Alimwita koplo wake, kijana mwenye mwandiko mzuri na masikio mabaya, wakaingia chumba cha mahojiano. Kifundo aliletwa. Alikuwa mfupi, mikono yake minene imejaa makovu madogo, na alikaa akijipapasa vidole kana kwamba anatafuta kamba.

"Hapa koplo kaandika, 'Mtuhumiwa anadai mnyororo ulilia.' Ni hivyo?"

"Ulilia."

"Ulilia vipi?"

"Mnyororo uliobeba mzigo wake unakaa kimya. Ukizidiwa unatoa sauti. Krrr. Kama mlango wenye bawaba kavu. Nilimwambia Hesabu, huu unalia, tushushe. Akanijibu mnyororo hauna mdomo."

Hesabu lilikuwa jina la kazini la msimamizi wa karakana.

"Huyo Hesabu alikuwepo wakati wa kunyanyua?"

"Alikuwepo. Yeye ndiye alisema tufunge minyororo mifupi."

"Hayo ulimwambia koplo?"

"Nilimwambia yote. Alicheka kwenye mnyororo kulia, mengine hakuandika."

Koplo aliangalia dari.

"Msumeno?"

"Wa kwangu. Nakata vyuma kila siku, ningekata kwa meno?"

"Na ugomvi?"

Kifundo aliacha kujipapasa vidole. "Alikuwa na tabia ya kupita chini ya mzigo. Anafupisha njia. Nimemkataza, nimemkataza. Siku hiyo nikampigia kelele mbele ya watu ili aone aibu. Nikamwambia, shemeji, iko siku chuma kitakunyoosha. Nilikuwa namuonya, afande. Ukimuona mtoto anakimbilia barabarani, unamwambia 'utagongwa'. Ndiyo unataka agongwe?"

Inspekta alisimama. Saa tatu kasorobo. "Koplo, lete tepu ya kupimia. Na gari iwe na mafuta, leo sitaki hadithi."

*

Garini koplo alijaribu kujitetea. "Lakini afande, hata tukiacha msumeno. Mnyororo mmoja umegongwa mhuri wa tani mbili. Miwili ni nne. Tangi ni tatu. Inabaki moja ya akiba. Hauwezi kukatika wenyewe. Lazima kuna mkono wa mtu."

"Nani kakupa hiyo hesabu?"

"Msimamizi. Tena imeandikwa ukutani."

Ilikuwa imeandikwa kweli. Karakana ilikuwa banda refu la mabati lenye winchi iliyotembea kwenye reli juu, na ukuta wote wa upande wa mlango ulikuwa umejaa chaki. Kila mzigo ulionyanyuliwa mwaka ule ulikuwa na mstari wake. Wa mwisho ulisomeka: *2 + 2 = 4. MZIGO 3. SALAMA.*

"Karibu, mama," alisema msimamizi. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi, kipande cha chaki kimechungulia mfukoni.

"Inspekta."

"Karibu, Inspekta mama. Unaona utaratibu wetu? Humu hakuna kinachoacha sakafu bila hesabu ukutani. Miaka kumi na tisa, hakuna aliyekwaruzwa. Mpaka huyo mwendawazimu alipoingiza msumeno."

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Maelezo yako yanasema ulikuwa ofisini."

"Niliandika, nikarudi ofisini."

"Uliandika ukijua watatumia minyororo ipi?"

"Mirefu. Ya mita nne nne. Mifupi aliichagua mwenyewe nikiwa nimeondoka. Ila sioni urefu unaingiaje hapa. Mhuri ni tani mbili, mrefu au mfupi."

Inspekta alizunguka tangi lililokuwa bado limelala pale lilipoangukia, limezungushiwa utepe wa polisi. Juu yake, mwanzo na mwisho, kulikuwa na masikio mawili ya chuma ya kufungia minyororo. Rangi mpya ya kijivu ilikuwa imekwanguliwa kutoka kila sikio kuelekea katikati, mistari miwili mirefu. Alipitisha kidole. Mnyororo unaopanda juu haukwangui rangi ya tangi. Huu ulikuwa umelala karibu na mgongo wa tangi kama mkanda kiunoni.

"Koplo, pima. Sikio hadi sikio."

"Mita nne."

"Mnyororo mfupi, kwenye karatasi ya mwalimu?"

"Mita mbili na sentimita kumi."

"Ndoano ya winchi ikiwa juu kabisa?"

Koplo alipanda ngazi, akashusha tepu. "Mita sita, afande."

"Unene wa tangi?"

"Moja na nusu."

Aliandika yote, kisha akamgeukia msimamizi. "Siku ile lilikuja gari gani?"

"Lori."

"Siku zote mnapakia kwenye lori?"

"Siku zote tunatumia tela, lile la chini. Siku ile lilikuwa bovu, wakatuletea lori la kuta."

"Nani alilipokea getini?"

"Mimi." Jibu lilitoka haraka, na mara akaonekana kama mtu anayetaka kulirudisha mdomoni.

"Kuta zake zinafika wapi?"

"Kama mita mbili. Kutoka chini."

"Sawa. Ndoano mita sita. Minyororo ya mita nne ikifungwa hapa inakula mita tatu na nusu kwenda juu. Linabaki tangi, nalo moja na nusu. Tumbo la tangi liko wapi?"

Msimamizi alikuwa mwepesi wa hesabu. Jina hakulipata bure. Inspekta alimwona akifika kwenye jibu kabla ya koplo.

"Mita moja," alisema koplo kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu. "Afande, halivuki ukuta wa lori! Na minyororo mirefu lisingeingia kabisa!"

"Na msimamizi alilijua lori tangu getini, akaandika ukutani 'salama'. Kwa minyororo ipi, mzee?"

Winchi juu yao ilitikiswa na upepo kidogo. Mafundi wawili upande wa pili waliacha kugonga.

"Niliwaambia wafupishe," msimamizi alisema mwishowe. "Sawa. Dereva alikuwa anapiga honi, tangi lilikuwa limechelewa siku mbili. Nikasema fungeni mifupi tupate kimo. Nikanyamaza kwenye maelezo kwa sababu ningejitia matatani bure kwa kitu kisichohusika! Tani mbili ni tani mbili, Inspekta. Mbili na mbili ni nne hata mbinguni. Huyo alikata."

"Nipe chaki yako."

Alipiga magoti sakafuni. Akachora mstari wa kusimama wa sentimita kumi na tano. "Tangi ni tani tatu. Kila upande unapaswa kuinua moja na nusu, moja kwa moja juu. Huu hapa, sentimita kumi kwa tani moja. Lakini mnyororo hauvuti kwenda juu. Unavuta kwa kulala, kufuata ulivyofungwa. Kwa hiyo lazima uvute kiasi gani, mpaka kile kipande chake cha kwenda juu kifike kumi na tano?"

Alichora mnyororo mrefu kwanza, mstari uliosimama wima kiasi, kwa vipimo vya koplo. Ulifika kwenye kimo kile upesi. "Pima."

"Kumi na saba na kidogo," alisema koplo.

"Tani moja na pointi saba. Salama kweli. Sasa mfupi." Mstari wa pili ulilala. Ulikwenda, ukaenda, ukapita goti la koplo, ukapita na kiatu chake, ndipo ukafika kimo cha kumi na tano. "Pima."

Koplo alipima mara mbili. "Arobaini na tisa."

"Karibu tani tano, kila mnyororo. Na wa chuoni ulikatika kwa nne na nusu."

Msimamizi aliutazama mstari ule mrefu kama anayetazama mtu anayemdanganya. "Michoro," alisema. "Chuma hakisomi michoro. Tani tatu zigeuke karibu kumi kwa sababu ya kufupisha mnyororo? Hizo nyingine zimetoka wapi?"

"Zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Huu unavuta kushoto, huu kulia, inachoka bure." Inspekta alijipangusa magoti. Saa tano na nusu. "Twende kituoni ukaandike maelezo mapya. Na kwa kuwa chuma hakisomi, nitakupa kitu utakachokisoma kwa viganja."

*

Uwanja wa nyuma wa kituo ulikuwa na bomba, kamba ya katani ya kuvutia magari mabovu, na ndoo ya lita ishirini. Inspekta alijaza ndoo maji, akaitundika katikati ya kamba, akampa koplo ncha moja na msimamizi ncha nyingine. Mjane aligeuka kwenye benchi kuona kelele ni za nini. Kifundo alikuwa ameletwa mlangoni, pingu mkononi, askari pembeni.

"Karibianeni. Bega kwa bega. Inueni."

Waliinua. Ndoo ilipanda kama haina kitu.

"Nzito?"

"Hata kidogo," alisema msimamizi.

"Rudini nyuma. Kila mmoja hatua moja. Ndoo isiguse chini."

Walirudi. Msimamizi alikunja viwiko.

"Tena."

Kamba ilianza kulala. Mishipa ya shingo ya koplo ilitoka. "Afande, hii..."

"Kuna aliyeongeza maji?"

"Hakuna," msimamizi alisema kwa kubana meno.

"Tena. Nataka kamba inyooke."

Walirudi hatua nyingine, miili imelalia nyuma, visigino vinachimba mchanga. Kamba haikunyooka. Ilitetemeka, ikamchubua msimamizi viganja, na katikati, pale kwenye mkono wa ndoo, ikatoa sauti. Krrr. Ndogo, kavu, ya kukwaruza.

Msimamizi aliisikia. Kila mtu uwanjani aliisikia. Mtu yule mrefu aliachia ncha, ndoo ikabwaga maji yote miguuni mwao, naye akabaki ametazama viganja vyake vyekundu.

"Alisema unalia," alisema. "Alinishika mkono kabisa. Alisema, bosi, unalia, tushushe." Akakaa chini kwenye matope na suruali yake iliyopigwa pasi. "Miaka kumi na tisa nimejumlisha hivyo."

Msimamizi aliingizwa ndani kuandika, na alipomaliza Inspekta aliitwa simuni. Mwendesha mashtaka alikuwa na maswali mengi na sauti ya mtu aliyenyang'anywa sahani. Inspekta alimsomea vipimo, akamsomea karatasi ya chuo, akamsomea maelezo mapya yenye sahihi mbichi. "Hapana, mauaji hakuna. Kuna uzembe na kuna maelezo ya uongo, na mwenye navyo ninaye hapa. Huyo mwingine namfungua sasa hivi." Akakata simu kabla ya swali lililofuata.

Aliporudi uwanjani, mjane alikuwa amesimama karibu na bomba. Ndoo ilikuwa imejaa tena, ameijaza mwenyewe.

"Mfungueni pingu," alisema.

Askari alimwangalia Inspekta. Inspekta aliitikia kwa kichwa.

Mjane aliokota ncha moja ya kamba. Hakumtazama kaka yake usoni, alimtazama mikono. "Shika huko."

Kifundo alishika. Waliinua wakiwa karibu, wakaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, bila mtu kuwahesabia. Mabega ya mwanamke yalitetemeka. Kifundo alikuwa na nguvu ya kutosha wawili, lakini hata yeye alianza kusogezwa, kwa sababu nguvu zake sasa zilikuwa zinamvuta dada yake badala ya kuinua ndoo. Kamba ililala. Kisha ikalia.

"Shusha," mjane alisema.

Hakuachia. Walisogeleana polepole, wote wawili, mpaka ndoo ikatua chini bila kumwaga tone.

Alipumua kwa muda, akajifuta viganja kwenye gauni. "Ulimkataza kupita chini?"

"Nilimkataza, dada."

"Na mimi nilimkataza. Alikuwa hasikii." Akageuka kwa koplo. "Saa ngapi?"

"Saa saba na robo, mama."

Ndipo akamtazama kaka yake usoni: ndevu za siku tatu, shati la mahabusu limechafuka kola.

"Unanuka," alimwambia. "Pita kwangu ukaoge, shati jeupe la shemeji yako liko mlangoni limetundikwa. Tunazika saa kumi, na wewe ndiye utakayefunga kamba za jeneza. Ndefu."